Disneyland Paris mara ya kwanza: namna ya kupanda zaidi na kusimama kidogo

"Mwanangu, hivi tumekuja kupanda au tumekuja kusimama?"

Shangazi yangu aliniuliza hivyo saa nane mchana, tukiwa kwenye foleni ya tatu ya siku ile, naye ameshavua kiatu kimoja. Sikuwa na jibu. Alikuwa ametoka Tanga kuja kunitembelea, mwenyeji ni mimi, na ni mimi niliyempeleka Jumamosi ya katikati ya likizo za shule, tena tukafika saa tano asubuhi kama waalikwa wa harusi. Siku nzima tulipanda vitu vitatu. Mwaka uliofuata nikaenda tena na wapwa zangu wawili, Jumanne moja ya Novemba. Tulipanda vitu kumi na kimoja, na chai tukainywa tumekaa. Tiketi za safari hiyo ya pili zilikuwa nafuu kuliko za kwanza.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda mara ya kwanza, iwe anaishi Ulaya au amekuja kutembelea ndugu. Kama umezoea bustani za burudani za nyumbani, zile za bembea na mabwawa ya kuteleza, sahau ukubwa unaoujua. Hapa kuna bustani mbili kamili zilizopakana, hoteli kadhaa, na stesheni yake ya treni. Ya kwanza, yenye kasri, ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Ya pili ilifunguliwa 2002 kwa jina la Walt Disney Studios. Kwa mgeni wa siku moja ushauri wangu ni mfupi: chukua ile yenye kasri peke yake. Tiketi ya bustani mbili kwa siku moja ni ya mtu anayejua njia.

Hatua ya 1: Chagua siku kabla ya kitu kingine chochote

Bei ya tiketi hupanda na kushuka kwa tarehe. Siku ya bei ya chini ndiyo siku ya watu wachache, kwa hiyo kalenda ya bei kwenye tovuti yao inakupa habari mbili kwa mpigo. Jumanne na Alhamisi nje ya likizo ndizo ninazozipenda. Jumatano ina mtego wake: shule nyingi za msingi za Ufaransa hazifundishi siku hiyo, au hufundisha asubuhi tu, na watoto wanajua pa kwenda. Epuka pia wiki mbili za mwisho wa Oktoba, likizo ya Krismasi, na zile wiki za Februari na mwanzo wa Machi ambapo mikoa ya Ufaransa hupokezana likizo ya baridi.

Mtoto chini ya miaka 3 anaingia bure. Kuanzia miaka 3 hadi 11 analipa bei ya mtoto, na akifika 12 ni mtu mzima. Nunua mapema kwenye tovuti yao wenyewe au kwenye programu yao ya simu. Ukiletewa tiketi "ya rafiki aliyeghairi" kwenye kikundi cha WhatsApp, mshukuru aliyekuletea na uendelee na shughuli zako.

Hatua ya 2: Pima watoto ukutani, nyumbani

Hii watu huiruka, halafu wanakuja kulia mlangoni, na mara nyingine anayelia si mtoto.

Michezo ya kasi ina kimo cha chini, na wahudumu hawabembelezwi. Kuna kijiti cha kupimia, mtoto anasimama, kinaguswa au hakiguswi. Big Thunder Mountain, treni ya mgodini, inataka sentimita 102. Star Tours, safari ya kuigiza ya chombo cha angani, ni 102 vilevile. Hyperspace Mountain, rola kosta (treni ya reli inayopanda na kuporomoka kwa kasi) ya gizani, inataka 120. Indiana Jones, ile inayokupindua miguu juu kichwa chini, inataka 140. Mpwa wangu mkubwa alikuwa na 138. Alikuwa ameishi na ndoto ya Indiana Jones tangu uwanja wa ndege, na sentimita mbili zikamnyima. Tungepima nyumbani, tungemaliza kilio Dar es Salaam na kupanda ndege na mpango mwingine.

Kama mna mtoto mdogo asiyefika kimo, mwambieni mhudumu wa mlangoni kwamba mnataka kupokezana. Mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila huyo wa pili kuanza foleni upya. Ni utaratibu wao wa kawaida, hakuna aibu kuuliza.

Mjamzito, mwenye tatizo la moyo, mgongo au shingo, akae mbali na rola kosta zote. Wenye ulemavu na wajawazito wana taratibu zao za kurahisishiwa foleni. Soma masharti kwenye tovuti na utayarishe vyeti kabla ya safari, maana maneno matupu hayatoshi.

Hatua ya 3: Treni sahihi

Bustani iko Marne-la-Vallée, kama kilomita 32 mashariki ya katikati ya Paris. Ukiwa mjini, unapanda RER A, treni ya mjini na vitongoji vyake, kutoka Châtelet–Les Halles, Gare de Lyon au Nation, na unashuka kituo cha mwisho kabisa, Marne-la-Vallée–Chessy. Ni kama dakika 40 kutoka Châtelet.

Ugumu uko hapa. Njia hiyo inagawanyika baada ya Vincennes: tawi moja linakwenda Chessy, jingine Boissy-Saint-Léger. Treni zote zinapita jukwaa lilelile na zinafanana kama mapacha. Usipande kwa sababu umeona umati umepanda. Tazama ubao unaoning'inia juu ya jukwaa, na hakikisha taa imewaka mbele ya jina la Marne-la-Vallée Chessy. Mimi, mwenyeji, niliyejaza maelekezo mdomoni, niliwahi kuwapeleka wageni hadi vituo viwili ndani ya tawi la Boissy kabla sijashtuka. Ukikosea hivyo, shuka, vuka upande wa pili, rudi Vincennes. Na ukijikuta kwenye treni inayoishia Torcy, hujapotea: uko kwenye tawi lako, shuka hapo usubiri inayofuata.

Tangu Januari 2025 safari moja ya treni ndani ya mkoa wa Paris ina bei moja, karibu euro 2 na nusu, mbali na safari za viwanja vya ndege. Kadi ya Navigo Easy inauzwa euro 2, na kila mtu lazima awe na yake, huwezi kupitisha familia nzima kwa kadi moja. Pakia safari mbili asubuhi ileile, ya kwenda na ya kurudi. Sababu utaiona usiku.

Kwa anayetua uwanja wa Charles de Gaulle, kuna treni ya kasi, TGV, inayofika Chessy kwa kama dakika 10. Hiyo ina tiketi yake na saa zake, na nafasi hukatwa mapema.

Hatua ya 4: Begi

Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Nasisitiza vilivyokwisha kuzoea: kiatu kipya cha safari kimewahi kuharibu siku nyingi kuliko mvua. Koti la mvua badala ya mwavuli, kwa sababu mwavuli kwenye foleni ni kuwatoboa watu macho. Pawabenki, maana utashinda na simu mkononi. Chupa tupu ya plastiki. Mabomba ya maji ya kunywa yako karibu na vyoo. Kwa wanaovaa mtandio, ufunge na ncha zake ziingie ndani ya koti, na miwani iwe mfukoni unapopanda vya kasi.

Vitafunio vya nyumbani vinaruhusiwa. Kachori, chapati za kukunja, ndizi, biskuti: havina shida. Chupa za kioo, pombe na maboksi makubwa ya kubebea vyakula havipiti kwenye ukaguzi wa mabegi. Shangazi alikuja na hotipoti ya pilau. Nilimwambia haliingii, akaniambia nyamaza. Hatimaye tulilila nje ya malango, kwenye meza za watu wenye chakula chao, na nakiri ndicho chakula kizuri kuliko vyote tulivyokula siku ile.

Ndani, mikahawa ni ghali na ya kawaida. Asiyekula nyama isiyo halali asikisie kwa kuangalia picha ya baga. Aulize, au achukue samaki au mboga. Agizeni kwenye programu ya simu kabla ya saa sita, au kuleni baada ya saa nane. Katikati ya hapo ni vita.

Hatua ya 5: Saa mbili za kwanza ni dhahabu

Malango kwa kawaida hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi. Wageni waliolala kwenye hoteli za Disney yenyewe huingia saa moja kabla. Hakikisha saa za siku yako kwenye programu, kisha uwe kwenye ukaguzi wa mabegi dakika 45 kabla. Kutoka stesheni hadi hapo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu.

Sasa elewa jambo moja kuhusu foleni, kwa sababu ndilo linalopanga siku yote. Urefu wa foleni haukwambii utasubiri muda gani. Unapaswa kuangalia mchezo unameza watu wangapi kwa mkupuo. Peter Pan's Flight ni vijimashua vidogo vinavyoning'inia, kila kimoja kinabeba watu wachache: ni bajaji. Pirates of the Caribbean ni mashua kubwa zinazojazwa safu kwa safu na kufuatana moja baada ya nyingine: ni basi la mwendokasi. Foleni fupi ya bajaji inaweza kukuchelewesha kuliko foleni ndefu ya mwendokasi. Kwa hiyo asubuhi, kabla umati haujaingia, kimbilia bajaji. Mwendokasi utaukuta mchana na bado utasogea.

Ukiwa na watoto wadogo, pita Main Street, barabara ya maduka inayoanzia langoni, bila kusimama dukani, vuka katikati ya kasri, nenda moja kwa moja kwa Peter Pan. Ukiwa na vijana, ukifika kwenye mzunguko ulio mbele ya kasri, geuka kushoto, eneo la Frontierland, kwa Big Thunder Mountain. Maduka hayahami. Yatakuwepo jioni, na hutabeba mdoli wa simba kutwa.

Big Thunder ndio mchezo ninaompeleka kila mgeni asiyewahi kupanda rola kosta, na ninaueleza kidogo kwa sababu una ujanja ambao haujulikani mpaka uupande. Mlima wenyewe uko kwenye kisiwa katikati ya ziwa, lakini stesheni ya treni iko ng'ambo, nchi kavu. Huoni daraja. Treni inaondoka taratibu, unajiandaa kupanda, nayo inashuka: giza, hewa ya baridi usoni, kelele za watu zinarudi kutoka ukutani. Umepita chini ya ziwa. Ukitoka upande wa pili uko kisiwani, na mnyororo unaanza kuivuta treni juu, tak-tak-tak. Unadhani ukiona stesheni mbio zimekwisha, lakini kurudi ni kwa njia ileile ya chini ya maji, safari hii kwa kasi. Mpwa wangu mdogo aliingia kwenye handaki la kurudi akiwa anacheka, akatoka amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama mdogo, tena."

Kwa mara ya kwanza kaa katikati ya treni au mbele. Mabehewa ya nyuma yanachapwa zaidi, kwa kuwa yanavutwa kwenye mteremko na uzito wa yaliyokwisha kushuka. Egemeza kichwa kwenye kiti, macho wazi, tazama njia inakoelekea. Ukifumba macho ndipo tumbo linapochafuka.

Hatua ya 6: Mchana, acha kushindana

Kuanzia saa tano programu itakuonyesha dakika 60, 70, 80. Hapo kuna njia tatu. Ya kwanza ni kulipa: wanauza ruhusa ya kupita njia ya haraka kwa mchezo mmoja mmoja, na bei hubadilika kwa siku. Kwa familia ya watu watano ni pesa nyingi kwa dakika chache. Kwa mtu aliyekuja peke yake na ana mchezo mmoja anaoufia, sawa. Ya pili ni foleni ya Single Rider, iliyopo kwenye baadhi ya michezo: unapanda peke yako, unazibia kiti kilichobaki wazi. Inasogea upesi, ila mtatengana.

Ya tatu ni kuacha kukimbizana na foleni, na ndiyo yangu. Chini ya kasri kuna pango, na watu wengi wanapita juu yake siku nzima hawajui. Teremka. Kuna joka la mita 27, limefungwa mnyororo, linapumua. Unalisikia kabla macho hayajazoea giza. Mkia unacheza kwanza, halafu kichwa kinainuka, moshi unatoka puani, na mtoto aliyekuwa anajidai mbele anarudi nyuma ya sketi yako. Hakuna foleni. Hakuna kimo. Shangazi alikaa pale robo saa, akisema wazee wa kwao walikuwa na hadithi ya joka kama hili, nalo halikuwa limefungwa.

Panda pia garimoshi la mvuke linalozunguka bustani, hasa ukiwa na mtu wa magoti mabovu. Lina stesheni nne na unapumzika huku unaona. Pirates na Phantom Manor, ile nyumba ya mizimu, ni za saa hizi. Nyumba ya juu ya mti na daraja la kamba kule Adventureland hazina foleni ya kutisha. Vigari vya watoto na viti vya magurudumu vinakodishwa karibu na lango kuu. Mwaka ule tungemkodia shangazi kiti angalau kwa mchana, lakini hakuna aliyethubutu kumtamkia.

Mvua ikija, na itakuja, kumbuka kwamba pande zote mbili za Main Street, nyuma ya maduka, kuna vichochoro vipana vyenye paa. Cha kushoto ukiingia ni Liberty Arcade, cha kulia ni Discovery Arcade. Vilijengwa kwa sababu ya hali ya hewa ya Paris. Faida yake ya pili ni wakati wa gwaride: barabara ikiziba hata pa kuweka mguu hakuna, wewe unapita kichochoroni hadi langoni.

Kabla ya kuingia kwenye umati, mwandikie kila mtoto namba ya simu yako mkononi kwa kalamu isiyofutika, pamoja na namba za mwanzo za nchi. Mwonyeshe na sare za wahudumu: akipotea, amfuate mwenye beji ya jina, asimtafute mama kwa miguu.

Hatua ya 7: Jioni na kurudi

Saa ya mwisho kabla ya kufunga foleni hupungua, kwa kuwa watu wameshaanza kushika nafasi mbele ya kasri kusubiri fataki, taa na droni. Kama watoto ni wakubwa, itumie kupanda kile mlichokikosa asubuhi. Kama ni wadogo, chagua fataki, na usisimame karibu na kasri. Rudi nyuma katikati ya Main Street: unaona juu kwa upana, na mtoto aliye mabegani haoni visogo vya watu tu.

Fataki zikiisha, maelfu wanaelekea stesheni kwa pamoja. Wewe kaa. Maduka ya Main Street hubaki wazi kidogo baada ya michezo kufungwa, na sasa ndio wakati wa yule mdoli wa simba. Subiri nusu saa. Ukifika stesheni utakuta foleni ndefu kwenye mashine za tiketi, na wewe kadi yako ina safari ya kurudi tangu asubuhi. Gusa, pita.

Chessy ni mwanzo wa njia, kwa hiyo treni inajipanga hapo tupu na viti vipo. Tembea hadi mabehewa ya mwisho, ambako watu ni wachache, wakalishe watoto upande wa dirisha, na weka kengele ya simu ilie dakika tano kabla ya kituo chenu, maana mtu mzima wa kukaa macho hatakuwepo.